Kabla ya Kitufe, Tupa

G01 X40 Z-60 F0.2. Kwa mpita njia, mstari huu ni herufi na tarakimu zilizomwagwa ovyo. Kwa mwanafunzi wa ukerezaji wa chuma aliyesimama mbele ya mashine ya kompyuta, hiyo ni amri iliyokamilika: kisu kiende kwa mstari ulionyooka, kiache kipande kikiwa na kipenyo cha milimita 40, kifike milimita 60 kutoka kwenye uso wa mbele, na kisogee milimita 0.2 kila kipande kinapozunguka mara moja. Mwanafunzi huyo akikosea tarakimu moja tu, akaandika G00 badala ya G01, mashine haitakata. Itaruka. G00 hukiambia kisu kiende kwa kasi yote ambayo mashine inayo, na imewekwa kwa ajili ya safari za hewani tu. Kisu kikielekezwa kwenye chuma kwa kasi hiyo huvunjika, kipande huweza kuchomoka kwenye taya zinazokishika, na mhimili wa mashine iliyonunuliwa kwa mamilioni ya shilingi ukapoteza unyoofu wake ndani ya sekunde moja.

Ndiyo maana chuo kizuri cha ufundi hakimwachii kijana kitufe cha kuanzia siku ya kwanza, wala mwezi wa kwanza.

Mashine hizi hujulikana kwa kifupi cha CNC, na kanuni yake si ngumu kuielewa. Kwenye lezi ya kawaida, ile inayoonekana katika karakana nyingi za mjini, kipande cha chuma huzunguka na fundi husogeza kisu kwa kuzungusha magurudumu madogo kwa mikono yake. Kwenye mashine ya CNC kazi ya kuzungusha hufanywa na mota, na mota hizo hupokea maagizo kutoka kwenye kompyuta kwa namba. Mashine ya milingi hufuata kanuni hiyohiyo, ila huko kinachozunguka ni kisu na kipande ndicho kilichofungwa mezani. Faida kubwa ya CNC ni kurudia: fundi akishaandika programu ya kipuri kimoja na kuihakiki, kipuri cha 200 kitatoka kama cha kwanza, mradi kuna mtu anayejua kuangalia kisu kinavyochakaa.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko wazazi wa wanafunzi wengi wa leo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John T. Parsons wa Traverse City, jimbo la Michigan nchini Marekani, alikuwa akihangaika na mapanga ya helikopta, ambayo umbo lake lenye mikunjo lilikuwa gumu kuchorwa na kukatwa kwa usahihi. Alianza kutumia mashine za kuhesabia zilizosoma kadi zenye matundu ili kupata nukta nyingi za mkunjo huo. Kazi ikaingia katika maabara za chuo cha MIT, na mwaka 1952 mashine ya milingi iliyoongozwa na utepe wenye matundu ikaonyeshwa hadharani. Kompyuta zilipopungua ukubwa na bei, utepe ukatoweka; lugha ya maagizo, yale yanayoanza kwa herufi G na M, ikabaki hadi leo.

Afrika Mashariki nayo haikuwa nje ya habari hii. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer yakaonyeshwa. Gari halikufika sokoni kwa sababu fedha za kulizalisha kwa wingi hazikupatikana. Lakini karakana za juhudi hizo hazikupotea zote: kutoka humo ikazaliwa Numerical Machining Complex ya Nairobi, inayotengeneza vipuri vya chuma kwa ajili ya viwanda vya humo nchini. Tanzania, kwa upande wake, ilijenga kiwanda cha zana za mashine wilayani Hai, Kilimanjaro, miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria. Kiwanda hicho, Kilimanjaro Machine Tools, kilikuwa kinatengeneza lezi zenyewe. Inafaa jambo hilo likumbukwe kila mara mtu anaposema kuwa ufundi wa aina hii ni mgeni kwetu.

Kwa sasa mlango mkuu wa kijana wa Kitanzania kuingia katika fani hii ni VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, pamoja na vyuo vingine vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi. Mafunzo hupangwa kwa ngazi tatu, na ngazi ya kwanza huanzia mbali sana na kompyuta. Huanzia kwenye jiriwa na tupa. Mwanafunzi hupewa kipande cha chuma laini, akakifunga kwenye jiriwa na kukipiga tupa mpaka nyuso zake ziwe bapa na pembe zake ziwe mraba kamili. Mkufunzi huja na guni, akaliweka kwenye pembe na kuinua kipande kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya kati ya guni na chuma, kazi inarudi mezani.

Wapo wanafunzi, na wazazi pia, wanaoona zoezi hilo ni kupoteza muda katika zama za kompyuta. Wamekosea. Anayepiga tupa kwa wiki kadhaa hujifunza kitu ambacho skrini haiwezi kumfundisha: chuma hukataa namna gani, hupata moto namna gani, na sehemu ya kumi ya milimita ni nyingi kiasi gani. Baadaye, akiwa nyuma ya kioo cha mashine ya CNC, ataisikia sauti ya kisu kilichochakaa kabla ya kompyuta kutoa onyo lolote. Kompyuta inajua mahali ilipokipeleka kisu. Haijui kama kisu bado kina makali.

Usahihi unaotakiwa si wa mzaha. Chukua beringi namba 6205, ambayo imo katika mota na mashine nyingi. Tundu lake ni milimita 25. Katika ufungaji wa kawaida unaotakiwa kushika imara, shafti inayoingia humo inapaswa kuwa kati ya milimita 25.002 na 25.015. Mlango wote wa kupita ni sehemu 13 za elfu moja za milimita, ilhali unywele wa mtu huwa na unene mara kadhaa ya hapo. Shafti ikipungua, beringi huteleza juu yake na kuila taratibu. Ikizidi, beringi hubanwa, hupata joto na kufa mapema, na mwenye mashine hulaumu duka lililomuuzia beringi.

Hapo ndipo somo la vipimo linapokuwa tamu. Chuma kikipata joto hutanuka. Shafti ya milimita 25 iliyotoka kukatwa, ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya kawaida yake, huwa imenenepa kwa takribani milimita 0.009. Mwanafunzi mwenye haraka huipima hapohapo kwa mikromita, akaona namba nzuri, akaifungua kutoka kwenye mashine. Ikishapoa, imesinyaa na kutoka nje ya mlango. Mikromita haikumdanganya, alichopima ni joto. Kwa hiyo mafundi makini huiacha kazi ipoe kwanza, na vyumba vya vipimo katika viwanda vikubwa hutunzwa kwenye nyuzi 20 mwaka mzima.

Hesabu nazo zipo, na ni za darasani kabisa. Ili kujua mashine izunguke kwa kasi gani, mwanafunzi huchukua kasi ya kukatia inayokifaa kisu chake, akaizidisha kwa 1,000, kisha akaigawa kwa mzingo wa kipande, yaani kipenyo mara pai. Kisu cha chuma kigumu cha kawaida kinachokata chuma laini kwa mita 30 kwa dakika, kwenye kipande cha milimita 50, kitahitaji mizunguko 191 kwa dakika. Kisu cha kabaidi kinachomudu mita 150 kitahitaji 955. Kijana aliyechukia hisabati sekondari kwa sababu hakuona zinakwenda wapi, hapa huziona zikitoka kama nyuzi za chuma zenye rangi ya samawati, zikianguka kwenye sinia.

Kuna pia adabu za karakana ambazo hazina mjadala. Glavu hazivaliwi karibu na kitu kinachozunguka, kwa sababu zikinaswa huvuta mkono mzima. Pete huvuliwa, nywele hufungwa, mikono ya shati hukunjwa. Ufunguo wa kukazia taya haupaswi kuachwa mahali pake hata kwa pumzi moja, maana mashine ikiwashwa utaruka kama risasi.

Baada ya yote hayo ndipo inapofika zamu ya kompyuta. Kwanza mwanafunzi husoma mchoro, kisha huandika programu, au huchora umbo kwenye programu ya usanifu na kuiacha itoe maagizo, halafu huiendesha kwenye skrini bila kukata chochote. Kazi inayotisha wengi ni inayofuata: kuionyesha mashine sifuri yake iko wapi. Kila kisu kina urefu wake, na kompyuta lazima iambiwe ncha ya kila kimoja iko mahali gani ukilinganisha na uso wa kipande. Kipande cha kwanza kikitoka kikiwa kinene kwa milimita 0.02, fundi hagusi programu. Huingia kwenye jedwali la visu, hupunguza 0.02 kwenye kisu husika, kisha huendelea. Asiyejua hilo huanza kuvuruga programu iliyokuwa sahihi, na kila kipande kinachofuata humchanganya zaidi.

Tatizo kubwa la mafunzo haya haliko kichwani mwa wanafunzi. Liko stoo. Mashine ya CNC hula chuma, hula vipande vya kabaidi, hula mafuta na maji ya kupoozea, na hutaka umeme wa fezi tatu usioyumba. Chuo kinaweza kupewa mashine nzuri, ikazinduliwa kwa mbwembwe, kisha bajeti ya vifaa vya mazoezi ikatosha kwa wiki chache tu. Mashine ikikaa imefunikwa turubai, haibaki salama kama watu wanavyodhani. Mashine nyingi za zamani hutunza kumbukumbu zake muhimu kwa betri ndogo. Betri ikifa wakati mashine imezimwa, kumbukumbu hizo hufutika, na kuzirudisha huhitaji mtaalamu anayeijua mashine hiyo. Betri ya bei ndogo inaweza kulaza mtambo mzima.

Dawa inayofanya kazi inajulikana: chuo kichonge vipuri vya watu. Chuo kinachopokea kazi za viwanda, mashine za kusaga na magari hupata fedha ya kununua chuma kingine, na mwanafunzi hujifunza kwa kazi ambayo mteja anaisubiri mlangoni. Kenya iliwahi kulijaribu hilo kwa namna ya mashindano. Kuanzia mwaka 2014, kampuni ya Kichina ya AVIC International na Wizara ya Elimu ya Kenya ziliendesha Africa Tech Challenge, ambamo timu za vijana wa vyuo zilifundishwa na kupambanishwa katika uchongaji wa vipuri. Kilichoyapa uzito mashindano hayo ni kandarasi za kutengeneza vipuri walizopewa walioshinda. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: kijana anayesomea ukerezaji huchukua miaka mitatu na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo huwa kiwandani akilipwa posho, si darasani. Waajiri wa Tanzania wenye wafanyakazi 10 au zaidi tayari hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi. Wana kila sababu ya kufungua milango yao kwa wanafunzi ambao wao wenyewe wamekwisha kuwachangia.

Nao mafundi wa mitaani wasisahaulike. Katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kamukunji jijini Nairobi, wamo watu waliojifunza kwa kumtazama fundi mkuu, wasio na cheti, wenye uwezo wa kuunda kipuri kwa kuangalia kilichovunjika tu. VETA ina utaratibu wa kuwatahini mafundi wa namna hiyo na kurasimisha ujuzi wao. Kwa fani ya chuma, huo ni utajiri: mtu anayeijua sauti ya lezi kwa miaka mingi hahitaji kuanza upya, anahitaji kusoma mchoro, kutumia mikromita na kuandika programu.

Kwa mzazi au kijana anayetafuta chuo, jina la kozi na picha za mashine kwenye kipeperushi havitoshi. Aingie karakana wakati wa masomo, si siku ya maonyesho. Aulize wanafunzi wangapi hugawana mashine moja, na kila mmoja huiendesha saa ngapi kwa wiki. Aulize ni kiwanda gani kinachopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na wanakaa huko muda gani. Kisha aangalie chini ya mashine ya CNC. Sinia likiwa na chembe za chuma za asubuhi hiyo, zikiwa bado na unyevu wa maji ya kupoozea, ajue hapo watu wanafundishwa kazi.