Siki Inayopoa Ikitoa Povu

Tia soda ya kuokea kwenye siki, povu litapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Macho husema kumechemka. Gusa kikombe: kimepoa. Mmenyuko huu hula joto badala ya kulitoa, na ukiwa nyumbani kwako Kiplombe, Eldoret, unaweza kupima umekula kiasi gani.

Kipimajoto cha homa hakifai, kwani huanzia nyuzi 35. Tafuta cha maabara. Wengi hukijaribu kwa maji yanayochemka wakingoja kisome 100. Huku kikisoma 93 usikitupe. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka mapema. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva hapa kuliko Mombasa. Kijaribu kwa barafu inayoyeyuka: hiyo ni 0 huku na pwani.

Kikombe cha bati hupitisha joto ovyo. Chukua viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine. Themosi ya chai ingefaa zaidi, lakini ole wako ukiifunga: gesi ya kaboni dayoksaidi itarusha kifuniko.

Pima mililita 100 za siki ya asilimia 5 na gramu 7 za soda, yapata kijiko cha chai kimoja na nusu. (Soda ya pakiti, si magadi ya kulainishia githeri, hayo yana mchanganyiko mwingine na hesabu itaharibika.) Viache vyote mezani usiku kucha vilingane, kisha tia soda kidogo kidogo ukikoroga.

Tuseme umetoka nyuzi 20 ukafika 15. Gramu moja ya maji ikishuka nyuzi moja hutoa jouli 4.2, na siki karibu yote ni maji. Basi 100 mara 4.2 mara 5: jouli 2,100. Hesabu ya kemia kwa vipimo hivyo hudai karibu 2,600. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa imelipwa na kikombe na hewa ya chumbani, ambavyo kipimajoto chako hakikuvihesabu.

Sasa ongeza vyote maradufu. Wanafunzi wengi hutarajia nyuzi 10. Utaona zile zile 5, au zaidi kidogo. Joto lililoliwa limekuwa maradufu, lakini maji yaliyolitoa pia ni maradufu. Kusoma nyuzi peke yake bila kupima uzito ni kuhesabu nusu ya deni.

Kostiki soda usiijaribu hivi: hutoa joto kali kwenye maji na huunguza ngozi na macho. Yurea haina hatari hiyo. Mkulima anayeikoroga kwenye ndoo ili anyunyizie mahindi huihisi ikipoa, ingawa hapo fuwele zinayeyuka tu, hakuna mmenyuko. Akiwa na kipimajoto na akijua uzito wa maji yake, atazidisha kwa 4.2 vile vile.