Mkia wa Kahawia, Mkia Mwekundu

Hapa Sotik, karibu kila ndege mbuai anayezunguka juu ya mashamba ya chai huitwa mwewe. Lakini mwewe mkia wake una panda. Yule anayekaa juu ya nguzo ya umeme akikodolea nyasi, mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mwekundu kama udongo wa barabara zetu, ni shakivale.

Tabu huja kwa ndege wa pili. Umbo ni lile lile, ila mgongo ni wa kahawia, na mkia pia ni wa kahawia wenye mistari myembamba myeusi. Wengi hudhani ni wa jamii nyingine. Ni kinda wa yule wa kwanza, na anastahili kuachwa aishi: chakula chake kikubwa ni fuko na panya wanaokula mazao yetu.

Mkia huo hauwi mwekundu bila kubadili manyoya, maana unyoya ukishakomaa ni mfu kama ukucha. Hupauka kwa jua, hulika ncha, na hautengenezeki. Lazima uanguke, uote mwingine. Manyoya ya kinda huota pamoja kiotani, kwa hiyo yote yana umri mmoja na ukingo wa bawa huwa sawasawa. Baadaye huanza kuyabadili. Yale 10 marefu ya ncha ya bawa hufuatana kutoka ndani kwenda nje, machache kwa zamu, kwa kuwa asiyeruka hawindi. Ndipo utakapoona meusi mapya kando ya yaliyochakaa, na katika mkia wa kahawia, unyoya mmoja mwekundu. Sijui sura ya ndege inayonifurahisha kuliko hiyo.

Usichanganywe na shakivale wazima walio weusi hadi tumboni. Mkia wao nao ni mwekundu.

Watazamaji wa shakwe wa Ulaya wameukuza sana ustadi huu wa kusoma umri kwa manyoya, maana shakwe wakubwa huchukua takriban miaka 4 kuacha ukahawia. Lakini kwao makinda huanguliwa msimu mmoja, hivyo kalenda huwasaidia kukisia umri. Huku karibu na ikweta kutaga hakufungwi na majira namna hiyo, na makinda wawili wa Sotik wanaweza kupishana miezi mingi. Sisi tusome uchakavu wa unyoya wenyewe.

Jua likiwa mgongoni mwako, msubiri shakivale asimame hewani dhidi ya upepo. Hapo huutandaza mkia wote.