Barafu ya Kibo na Kamera ya Kuunga-unga

Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, mtu anayesimama Sanya Juu na kutazama mashariki, kidogo kuelekea kaskazini, huiona Kibo ikichomoza nyuma ya ukingo wa Shira. Kutoka hapo hadi kileleni, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 30. Mlima huu umepigwa picha zisizo na idadi, lakini nyingi ni za kupendeza macho. Zilizopigwa kwa nia ya kupima ni chache. Miongoni mwa hizo chache ni za Mjerumani Fritz Klute, ambaye mwaka 1912, pamoja na mwenzake Eduard Oehler, aliuzunguka mlima akiupiga picha kwa utaratibu wa upimaji. Kutokana na picha hizo ilichorwa ramani ya kipimo cha 1:50,000, iliyochapishwa mwaka 1920. Kwa sababu ya kazi hiyo sisi leo tunaweza kusema kwamba barafu ya Kilimanjaro mwaka 1912 ilifunika kiasi cha kilomita za mraba 11.4, na kwamba mwaka 2011 zilikuwa zimebaki 1.76 tu.

Basi picha ya mlima, ikipigwa kwa uangalifu, ni chombo cha kupimia kama ilivyo rula au mizani. Shule ya sekondari iliyoko Sanya Juu, ikisimamisha kamera mahali pamoja kila mwaka na kuelekeza lenzi kwenye ukuta ule ule wa barafu, inaweza kuweka kumbukumbu yenye thamani kubwa. Makala haya yanahusu jambo moja linaloweza kuiharibu kumbukumbu hiyo pasipo mtu kujua, nalo ni kuunganisha lenzi ya kamera ya aina moja na bodi ya aina nyingine, na kasha la filamu la aina ya tatu.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Kwa sababu ya uhaba. Kazi ya namna hii hufaa kufanywa kwa kamera za filamu pana, zinazotumia filamu namba 120, ambayo kampuni ya Kodak iliianzisha mwaka 1901 na ambayo mpaka leo inatengenezwa. Picha moja ya mraba katika filamu hiyo ina upande wa milimita 56, hali picha ya filamu ya kawaida ya milimita 35 ina milimita 24 kwa 36 tu. Lakini kamera zenyewe nyingi hazitengenezwi tena. Anayezitafuta hupata lenzi huku, bodi kule, na kasha kwa mtu mwingine kabisa. Tuseme mwalimu wa Fizikia amepata lenzi ya Pentacon Six, kamera iliyotengenezwa Dresden wakati wa Ujerumani Mashariki, yenye urefu wa fokasi wa milimita 80. Amepata pia bodi ya Hasselblad ya Uswidi. Fundi hodari wa kukereza vyuma anamwambia, "Mwalimu, nitakuchongea pete, zitashikana." Je, akubali?

Kushikana zitashikana. Swali ni kama zitaona.

Kila kamera inayobadilishwa lenzi ina uso wa chuma ambapo lenzi hupachikwa, na kutoka uso huo hadi kwenye filamu kuna umbali maalumu usiobadilika. Tuuite umbali wa pachiko. Mtengenezaji wa lenzi huipanga lenzi yake ili kitu kilicho mbali sana, kama mlima au nyota, kitoe taswira kali kwenye umbali huo hasa. Katika Pentacon Six umbali huo ni milimita 74.1. Katika Hasselblad za mfululizo wa 500, ulioanza na kamera ya 500C mwaka 1957, ni milimita 74.9. Katika Mamiya 645 ya Japani, iliyotoka mwaka 1975, ni milimita 63.3 tu, na katika Pentax 67 ni karibu milimita 85.

Tofauti ya Pentacon na Hasselblad ni milimita 0.8, ambayo ni pungufu ya unene wa sarafu nyingi. Mtu asiyefanya hesabu atasema haidhuru. Hebu tuifanye. Wanafunzi wanaijua kanuni ya lenzi, kwamba moja juu ya urefu wa fokasi ni sawa na moja juu ya umbali wa kitu ukijumlisha na moja juu ya umbali wa taswira. Kanuni hiyo inaweza kuandikwa kwa namna nyingine, iliyotoka kwa Newton na iliyo nyepesi zaidi kwa kazi yetu. Ukiuita x umbali wa kitu kutoka fokasi ya mbele, na y umbali wa taswira kutoka fokasi ya nyuma, basi x mara y ni sawa na urefu wa fokasi uliozidishwa kwa wenyewe. Lenzi ya Pentacon ikipachikwa kwenye bodi ya Hasselblad, hata kama pete haina unene wowote, imekwisha kusogea mbele ya filamu kwa milimita 0.8 kupita inavyotakiwa. Hiyo ndiyo y. Gawa 80 mara 80, yaani 6,400, kwa 0.8. Jibu ni milimita 8,000, yaani mita 8. Kwa maneno mengine, kamera hiyo itaona vizuri mtu aliyesimama umbali wa mita 8 na walio karibu zaidi, lakini haiwezi kuukaza mlima ulioko kilomita 30, hata pete ya fokasi izungushwe mpaka mwisho.

Mlima utaonekana, bila shaka. Jambo la hatari ni lile ambalo halitaonekana. Nukta moja ya mlimani, badala ya kuwa nukta kwenye filamu, itakuwa doa la mviringo. Upana wa doa hilo unapatikana kwa kugawa lile kosa la 0.8 kwa namba ya tundu la lenzi. Tundu likiwa limefunguliwa wazi kwa 2.8, doa lina milimita 0.29. Sasa chukua ukuta wa barafu wenye kimo cha mita 40, ulioko kilomita 34 kutoka kwenye kamera. Taswira yake kupitia lenzi ya milimita 80 ina kimo cha milimita 0.094. Doa ni kubwa kuliko ukuta mara tatu. Barafu imechanganyika na mwamba, nayo picha inatoa umbo la Kibo lenye rangi ya kijivu pale palipotakiwa weupe. Mwanafunzi akiilinganisha picha hiyo na ya mwaka uliopita, iliyopigwa kwa kamera nzima, ataandika kwamba ukuta umeyeyuka. Kumbe umeyeyukia ndani ya kamera!

Yapo mambo mawili ya kuongeza kuhusu lenzi. La kwanza, bodi za mfululizo wa 500 hazina shata ya kupimia mwanga ndani yake, kwa kuwa shata imo katika lenzi za Hasselblad zenyewe. Lenzi ya Pentacon haina shata, kwa maana Pentacon Six huiweka kwenye bodi, mbele ya filamu. Hivyo pete ya fundi wetu ingeshindwa mara mbili. La pili ni la matumaini, nalo ni kwamba kosa hutegemea upande. Lenzi iliyotengenezwa kwa umbali mrefu inaweza kutumika kwenye bodi ya umbali mfupi, maana pengo linalobaki linajazwa na unene wa pete. Lenzi ya Pentacon kwenye Mamiya 645 huacha nafasi ya milimita 10.8, nafasi tele ya kukereza pete imara. Na Mamiya hiyo ina shata yake ndani ya bodi. Kwa hiyo mwalimu wetu angeuza Hasselblad akatafuta Mamiya, fundi angefanya kazi ya maana. Ajihadhari tu fundi na unene: akikosea milimita 0.2 kwa kuongeza, lenzi ya milimita 80 haitaona sawasawa kupita mita 32. Katika karakana hesabu hii ni ya mikromita, wala si ya rula.

Upana wa taswira nao usisahauliwe. Lenzi iliyotengenezwa kwa picha ya milimita 56 kwa 41.5 hutoa duara la mwanga la kutosha pembe za picha hiyo, yaani kiasi cha milimita 70. Picha ya sentimita 6 kwa 7 inahitaji duara la milimita 90. Ukilazimisha, pembe zitakuwa na giza.

Tukifika kwenye kasha la filamu, mambo yanakuwa magumu zaidi, na kwa maoni yangu hapa ndipo mwalimu anapaswa kuogopa kwelikweli. Katika kamera yenye kioo cha kuakisi, mpigaji hutazama taswira kwenye kioo cha ukungu kilichowekwa ili njia ya mwanga kutoka lenzi hadi kioo hicho iwe sawa na njia ya kutoka lenzi hadi filamu. Lenzi isiyolingana hujitangaza yenyewe, kwani mlima hauwi mkali kiooni na mpigaji hujua kwamba kuna kasoro. Kasha lisilolingana halisemi kitu. Kioo kitaonyesha Kibo safi, kali, yenye kila mfereji, kumbe filamu imekaa nyuma au mbele ya mahali pake. Habari utazipata baada ya filamu kusafishwa.

Kasha la Kiev 88, kamera iliyotengenezwa katika Muungano wa Kisovyeti, linafanana kwa sura na kasha la Hasselblad kwa kuwa lilitokana na muundo wa Hasselblad za mwanzo, zilizoanza mwaka 1948. Lakini mapacha wa sura si mapacha wa vipimo. Hata ndani ya aina moja kuna mtego: filamu namba 220, iliyotoka mwaka 1965, haina karatasi ya kinga nyuma yake kama ilivyo 120, ili urefu uongezeke maradufu katika kibiringi kile kile. Karatasi hiyo ina unene wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi waliweka makasha au vibao tofauti vya kugandamiza filamu kwa aina hizo mbili.

Jaribio la kulipima kasha linaweza kufanyika uwanjani mwa shule kwa gharama ya picha chache. Chomeka mambo tisa kwa mstari wa mshazari, kuanzia mita 4 hadi mita 12 kutoka kwenye kamera, kila kimoja kikiwa na namba kubwa. Fungua tundu la lenzi wazi kabisa, kisha kaza taswira ya mambo ya mita 8 kwenye kioo cha ukungu. Piga picha, safisha filamu, na uitazame kwa kikuza-taswira. Namba kali kupita zote ikiwa ni ya mita 8, kasha ni zuri. Kwa lenzi ya milimita 80, ukali ukiwa umehamia karibu na mita 6.4, filamu imekaa nyuma kupita kiasi kwa milimita 0.2, ukiwa umehamia karibu na mita 10.6, imekaa mbele kwa kiasi hicho hicho. Rudia kwa kila kasha, na ulitie alama kwa rangi.

Kuna wanaosema kwamba ukifunga tundu la lenzi mpaka 16, makosa yote haya hupotea. Ni kweli kwa nusu. Lile doa la milimita 0.29 litapungua hadi 0.05, na ukuta wetu wa barafu utaanza kujitenga na mwamba. Lakini kipimo cha picha hakirudi. Lenzi iliyosogea kutoka milimita 80 hadi 80.8 hukuza kila urefu kwa asilimia 1, na isitoshe, namba 80 iliyochorwa ukingoni mwa lenzi ni jina tu, kwani urefu halisi wa fokasi unaweza kupishana nayo kidogo. Wanaanga wa Apollo 11, walipotua mwezini mwaka 1969 wakiwa na Hasselblad, hawakuiamini lenzi peke yake. Mbele ya filamu kulikuwa na bamba la kioo lenye misalaba midogo 25, iliyopangwa kila baada ya milimita 10, na misalaba hiyo ilijichora kwenye kila picha ili wapimaji wajue kama filamu ilinyooka na kipimo chake ni kipi.

Sisi hatuna haja ya kioo hicho. Mlima wenyewe utatoa misalaba. Chagua vilele viwili vya mwamba vilivyomo katika ramani, kimoja kwenye Kibo na kingine kwenye ukingo wa Shira, upate kutoka katika ramani pembe iliyoko kati yao ukiwa mahali pa kamera, kisha ulinganishe pembe hiyo na umbali wao kwenye filamu. Hapo utapata urefu halisi wa kamera yako ya kuunga-unga, na picha za mwaka huu zitaweza kusomwa pamoja na za mwaka ujao hata kama lenzi imebadilika. Kwenye bahasha ya kila filamu iandikwe tarehe, saa, namba ya bodi, namba ya lenzi, rangi ya kasha, na namba ya tundu. Picha ipigwe mwezi ule ule kila mwaka, baada ya siku kadhaa bila theluji mpya, maana theluji ya usiku mmoja hufunika mwamba, na hakuna lenzi, iwe nzima au ya kuungwa, inayoweza kuitofautisha na barafu kwa umbali wa kilomita 34.