Kwanza Kundi, Katikati Baadaye

Nukta ya kumi kwenye shabaha ya bunduki ya hewa ina kipenyo cha nusu milimita. Risasi inayoitafuta nukta hiyo ina milimita 4.5, yaani ni nene mara tisa kuliko inachokitafuta. Mlenga shabaha anasimama umbali wa mita 10, kwa miguu yake miwili, bila kuegemea chochote, akiwa ameshika silaha inayoruhusiwa kufika kilo 5.5. Anatakiwa kuifanya kazi hiyo mara 60 ndani ya saa moja na robo. Ndivyo mchujo wa Olimpiki ulivyo, kwa wanaume na kwa wanawake.

Asiyeufahamu mchezo huu hudhani mabingwa wana mikono isiyotikisika. Hakuna mwenye mikono hiyo. Moyo unapiga, kifua kinapanda na kushuka, misuli inatetemeka, na mdomo wa mtutu wa bingwa unachezacheza kama wa mwanafunzi, ila ndani ya eneo dogo zaidi. Wanaachana mahali pengine. Mwanafunzi anahangaika apige katikati; bingwa anahangaika apige palepale. Akishaweza kupiga palepale, katikati inapatikana kwa kugeuza skrubu.

Soma kundi, usisome pointi

Tuseme wanafunzi wawili wamepiga risasi tano tano. Wa kwanza amepata kumi moja, tisa moja, nane mbili na saba moja, na matundu yametawanyika pande zote za karatasi. Wa pili amepata saba tano, zote zimebanana chini kushoto, unaweza kuzifunika kwa sarafu moja. Kwa pointi wa kwanza anaongoza, 42 kwa 35. Kocha anayejua kazi yake atampa mkono yule wa pili.

Yule wa pili ana kosa moja tu, amelirudia mara tano. Atageuza skrubu za tundu la kulengea, moja ya kupandisha na moja ya kusogeza kulia, na kundi lake zima litahamia katikati. Wa kwanza ana makosa matano tofauti, na hakuna skrubu ya kuyatibu. Hata ile kumi yake ni bahati, kwa sababu hajui aliipataje.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Risasi ikienda kushoto, inayofuata wanalenga kulia. Ikipanda, wanageuza skrubu. Baada ya risasi kumi hawajui tena kama kosa ni la mkono, la jicho au la skrubu waliyoigeuza mara sita. Skrubu haiguswi mpaka kundi liseme, na risasi moja si kundi.

Faida ya kuuamini mkao wako ilionekana Beijing mwaka 2008. Mhindi Abhinav Bindra amesimulia kwamba kabla ya fainali, risasi yake ya majaribio iliangukia eneo la nne. Kwa mtu wa kiwango chake hilo ni jambo la ajabu. Asiyejiamini angeanza kubadilisha bega, shavu, pumzi na kila kitu kwa pamoja. Bindra alijua mwili wake haukosei kwa kiasi hicho, kwa hiyo lawama ilikuwa ya kifaa cha kulengea. Akakirekebisha, akaingia kwenye fainali. Ilipofika risasi ya mwisho alikuwa sawa kwa pointi na Henri Häkkinen wa Finland. Häkkinen alipata 9.7 akashuka hadi shaba. Bindra alipata 10.8, ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kuchukuliwa na Mhindi mmoja peke yake, bila timu.

Mifupa ibebe, misuli ipumzike

Mwanamke aliyejitwika ndoo ya maji huweza kutembea masafa marefu akizungumza na mwenzake, lakini mpe ndoo hiyohiyo aishike kwa mkono ulionyooshwa mbele, haitapita dakika ataiweka chini. Kichwani uzito unashuka kwenye uti wa mgongo hadi miguuni. Mkononi unabebwa na misuli, na misuli huchoka. Mkao wa kulenga umejengwa juu ya kanuni hiyo.

Anayetumia mkono wa kulia huigeuzia shabaha ubavu wake wa kushoto. Kiwiko cha kushoto hakiningʼinii hewani, bali kinakaa juu ya mfupa wa nyonga au karibu nao, na kutoka hapo mkono unasimama wima kama nguzo chini ya bunduki. Kifundo kinanyooka na vidole havikamati, maana bunduki imelazwa tu juu yake. Mgongo unainama nyuma na kujipinda kidogo ili uzito wa mwili na wa silaha uangukie kati ya nyayo mbili. Koti gumu la turubai na ngozi husaidia kuushikilia mkao huo, na ndiyo maana wakaguzi hupima ugumu na unene wake kabla ya shindano.

Kisha linakuja jaribio ambalo wanafunzi wengi hulifanya siku ya kwanza wakalisahau siku ya pili. Chukua mkao wako, lenga, halafu fumba macho. Pumua mara mbili au tatu, legeza mabega, kisha fumbua. Ukikuta bunduki imehamia kulia kwa shabaha, mwili umekueleza unataka kutazama wapi. Ukiisukuma kwa mkono irudi katikati, utapata risasi chache nzuri. Lakini misuli inayosukuma itachoka, na wakati wa kufyatua itaachia kidogo, nayo bunduki itarudi kule ilikotaka kwenda tangu mwanzo. Ndiyo sababu kundi la asubuhi huwa dogo na la mwisho wa shindano hurefuka kuelekea upande mmoja.

Dawa iko miguuni. Sogeza unyayo wa nyuma kidogo sana, rudia kufumba macho, mpaka siku utakapofumbua na kukuta bunduki inaitazama shabaha bila kulazimishwa.

Jicho lichague

Kulenga kwa bunduki hii ni kuziweka duara ndani ya duara. Karibu na jicho kuna tundu dogo. Mwisho wa mtutu kuna pete. Kule mbali kuna doa jeusi la shabaha lenye kipenyo cha milimita 30.5. Doa likae katikati ya pete, na pete ikae katikati ya tundu. Tatizo ni kwamba jicho haliwezi kuona kwa ukali kitu cha karibu na cha mbali kwa wakati mmoja. Lazima lichague, na chaguo sahihi ni pete ya mbele. Doa jeusi liachwe lififie kidogo.

Hesabu itakuonyesha kwa nini. Tuchukue bunduki ambayo kati ya tundu la nyuma na pete ya mbele pana sentimita 75. Pete ikihama kwa sehemu moja ya kumi ya milimita tu, risasi itahama kwa takriban milimita 1.3 kwenye shabaha iliyo mita 10 mbele. Siku hizi alama hutolewa kwa sehemu za kumi, na kila sehemu ni robo milimita. Risasi ambayo ingekuwa 10.9 inageuka 10.4 hivi. Linganisha na Sheng Lihao wa China, aliyechukua dhahabu Paris mwaka 2024 kwa pointi 252.2 katika risasi 24. Wastani wake ni takriban 10.5, maana yake risasi zake zilikosa kitovu kwa milimita moja na ushee. Kosa la pete lisiloonekana kwa urahisi linatosha kuuzidi wastani wa makosa ya bingwa wa Olimpiki.

Pumzi nayo ina utaratibu wake. Vuta, toa, kisha subiri pale ambapo mwili wenyewe hutulia kabla ya kuvuta tena. Una sekunde chache. Zikizidi nane au kumi, jicho linaanza kuona picha iliyokwisha kupita, na mwili unadai hewa. Risasi inayopigwa kwa kuchelewa huwa ni ya kubahatisha. Gawanya dakika 75 kwa risasi 60, utapata sekunde 75 kwa kila moja. Muda wa kuishusha bunduki, kupumua na kuanza upya upo. Wanaoshinda ni wale wasioona aibu kuutumia.

Moyo hauzimwi, lakini wapo waliotaka kuupunguza kasi kwa dawa. Dawa za kuzuia beta (beta-blockers) hutuliza mapigo na mtetemo wa mikono, kwa hiyo zimepigwa marufuku katika mchezo huu, ndani na nje ya mashindano. Huko huko Beijing, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyangʼanywa medali zake mbili za bastola baada ya kukutwa na dawa ya aina hiyo.

Kidole, na kinachofuata

Kifyatulio cha bunduki ya hewa ya mashindano ni chepesi mno. Kanuni haiweki hata kiwango cha chini cha uzito wake. Hilo halimfanyi mtu asikosee. Kosa kubwa la kidole hutokana na tamaa: mlengaji anaona pete na doa vimekaa sawasawa, anajiambia "sasa!", anavuta kwa ghafla, na mkono mzima unafuata kidole. Anayejua huanza kubana mapema, polepole, pete ikiwa bado inachezacheza ndani ya eneo lake la kawaida. Amekwisha kukubali kwamba haitasimama kabisa.

Risasi haiondoki papo hapo. Kati ya kidole kumaliza kazi na risasi kutoka mdomoni mwa mtutu hupita sehemu kadhaa za elfu za sekunde, na risasi ya hewa ni ya mwendo wa pole, kiasi cha mita 170 kwa sekunde. Katika kipindi hicho kifupi kila mtikisiko wa mtutu unahesabika. Kwa hiyo baada ya mlio mlengaji hubaki kama alivyokuwa, shavu palepale, jicho kwenye pete, kidole kimebana, kwa sekunde moja au mbili. Anayeinua kichwa haraka ili aone alichokipata huanza kukiinua kabla risasi haijatoka.

Katika sekunde hizo kuna kazi ya kufanya. Kabla ya kutazama skrini, jiambie risasi imekwenda wapi: "Tisa, juu kulia." Kisha tazama. Ukipatia, jicho lako lilikuwa wazi na unajua ulichofanya. Ukikosea mara kwa mara, ama unapepesa wakati wa kufyatua, ama kifaa chako kina hitilafu. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo bora cha mwanafunzi kuliko pointi zake za siku.

Utaratibu hauna likizo

Mmarekani Matthew Emmons alikuwa miongoni mwa walenga shabaha bora wa kizazi chake, na Athens mwaka 2004 alikwisha kutwaa dhahabu ya kulala kifudifudi. Kwenye fainali ya mikao mitatu ya mita 50 aliongoza mpaka risasi ya mwisho, alihitaji 7.2 tu. Alipiga vizuri vya kutosha, lakini kwenye shabaha ya jirani. Alipata sifuri. Miaka minne baadaye, Beijing, fainali ileile, aliongoza tena na alihitaji 6.7. Kidole kiligusa kifyatulio kabla ya wakati, akapata 4.4 na kushuka hadi nafasi ya nne.

Mkono wake haukuwa na kasoro. Kuangalia namba ya shabaha, kuweka kidole, kushusha pete kwenye doa: kila hatua ina zamu yake, na zamu hiyo haibadiliki kwa sababu risasi ni ya mwisho.

Mazoezi yasiyo na gharama

Katika nchi zetu viwanja vya kulenga ni vichache, bunduki za mashindano ni ghali, sheria za silaha ni kali kama inavyostahili, na mchezo huu uliondolewa hata kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni klabu yenye kibali na msimamizi, ambako mtutu huelekezwa kwenye shabaha wakati wote na uzi wa rangi kali hupitishwa ndani yake kuonyesha kuwa ni mtupu.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya mafunzo haihitaji risasi. Bunduki nyingi za mashindano zina namna ya kufyatua bila hewa, na hapo mlengaji hufanya mkao, pumzi, kidole na subira ya baada ya mlio, mara nyingi awezavyo. Ukipata risasi, igeuze karatasi ili upige upande mweupe usio na doa wala pointi. Bila cha kutamani, utahisi mwili unavyofanya. Risasi zenyewe hutofautiana kutoka toleo moja hadi jingine, kwa hiyo jaribu matoleo kadhaa na ubaki na lile linalotoa kundi dogo zaidi kwenye mtutu wako.

Hifadhi karatasi zako na uandike tarehe juu yake. Mwisho wa mwezi, zilaze za leo juu ya zile za mwezi uliopita na upime kundi kutoka tundu la mbali hadi jingine. Likiwa limepungua, umeendelea, hata kama pointi ni zilezile. Pointi zikiwa zimepanda na kundi likabaki vilevile, ni skrubu iliyoendelea, si wewe.