Picha ya Familia Malili: Pesa Ziende Wapi?

Wiki ya Krismasi ndiyo wiki ghali kuliko zote kwa picha ya familia Ukambani, na ndiyo wiki ambayo karibu kila mtu anaitaka. Watoto wamerudi kutoka Nairobi na Mombasa, shule zimefungwa, susu, yaani bibi yetu, ana nguvu za kukaa nje, na kwa mara moja mwaka mzima boma limejaa. Mpiga picha anayajua hayo, na mwenye matatu pia anayajua. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa kuokoa pesa hauhusu kamera wala nguo. Unahusu tarehe.

Kama jamaa wanaweza kukutana wikendi ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, badala ya kungoja tarehe 25, mtapata mpiga picha ambaye bado ana nafasi na bado anakubali kupatana bei. Mandhari hayatabadilika. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi huku Makueni, na zikinyesha vizuri nyasi za Malili huwa za kijani wakati huo. Likizo ya Agosti ni ya bei nafuu zaidi. Nyasi huwa kavu, rangi ya mchanga, na asubuhi nyingi kuna mawingu na baridi, lakini msiyadharau mawingu hayo: yanalainisha mwanga, hakuna anayekunja uso kwa jua, na mnaweza kupiga picha hata saa nne bila kivuli kibaya usoni. Mwezi wa Februari, vumbi na upepo vinapotawala tambarare, mimi ningeuacha upite.

Kisha linakuja suala la mahali, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kuona. Wazo la wengi ni kusafiri: Karura au Arboretum jijini Nairobi, au People's Park mjini Machakos. Ni pahali pazuri, sibishi. Lakini piga hesabu. Tuseme mko watu 12 na nauli ni shilingi 300 kila upande. Hiyo ni 7,200 kwenda na kurudi. Tuseme tena kila mmoja anakula chakula cha 400, ongeza 4,800. Mmefika 12,000 na hakuna picha hata moja iliyopigwa. Bado kiingilio cha kila kichwa pale kinapotozwa, na katika msitu kama Karura upigaji picha wa kibiashara una ada yake, mbali na kiingilio. Geuza safari hiyo: mlete mpiga picha na msaidizi wake Malili kwa nauli ileile, na gharama inakuwa 1,200 na sahani mbili za muthokoi. Bei za nauli hupanda na kushuka, ila uwiano huo haubadiliki: ni nafuu kuwasafirisha watu wawili kuliko kumi na wawili.

Na huko nyumbani kuna nini cha kupiga? Kuna uwazi, kitu ambacho Nairobi haina. Malili iko kilomita sitini na ushei kutoka jijini, kwenye barabara ya Mombasa, na tambarare inayoizunguka bado imebaki wazi kwa kiasi kikubwa. Takriban ekari 5,000 za iliyokuwa Malili Ranch zilinunuliwa na serikali kwa ajili ya jiji la Konza, ambalo Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe lake la msingi Januari 2013, na ujenzi ukadhibitiwa katika eneo la kinga la kilomita 10 kulizunguka. Kwa mwenye shamba vizuizi hivyo vimekuwa mzigo wa miaka mingi. Kwa kamera, vimeacha upeo ambao haujakatwa na maghorofa, na vilima vya Kilome kwa mbali.

Hata hivyo uwazi huo una wenyewe. Ndani ya Konza Technopolis huingii na kamera kubwa na watu kumi bila kuomba ruhusa mapema. Mlinzi akiwarudisha getini saa kumi na moja jioni, mwanga wa siku hiyo umekwenda. Kapiti, upande wa Machakos, ni ranchi ya utafiti ya taasisi ya ILRI, si uwanja wa umma. Shamba la jirani linahitaji neno moja tu kwa mwenyewe, na mara nyingi neno hilo ni la bure. Mahali ninapopakataa kabisa ni kando ya barabara kuu. Najua vijana wanapapenda kwa sababu ya mstari wa lami unaokimbia hadi upeo wa macho. Malori ya Mombasa hayasimami kwa ajili ya picha, na mtoto wa miaka mitatu hakai mahali ulipomwambia akae.

Chaguo langu ni boma lenyewe. Susu hatembezwi, choo kiko karibu, mtoto akilia ana pa kulala. Na vitu vinavyoonekana nyuma yenu ni vyenu: mwembe uliopandwa na marehemu babu, tangi la maji, ng'ombe, mlango wa jikoni uliopauka rangi. Miaka ishirini baadaye mjukuu atauliza habari za mlango huo. Hataulizia kichaka cha Karura.

Pesa mlizookoa kwenye nauli zisirudi mfukoni zote. Sehemu yake inunue saa sahihi. Huku karibu na ikweta jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na likishachwa giza haliko mbali. Kwa hiyo mwanga mzuri wa jioni hudumu kwa muda wa saa moja hivi, kuanzia saa kumi na moja na nusu. Mpiga picha akiwaambia atafika saa saba mchana kwa sababu ana harusi saa kumi, punguzo analowapa halina faida: jua la utosini huchimba mashimo meusi chini ya macho, na hakuna kuhariri kunakoyaondoa vizuri. Ni heri asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu. Asubuhi ina faida nyingine kwa walio na watoto wadogo: wameamka, wameshiba uji, hawajachoka.

Saa kumi na moja na nusu mwekeni susu kwenye kiti, jua likiwa nyuma yake kidogo upande wa bega. Mbele yake watu wawili washike shuka jeupe, nje ya picha, kama wanaanika. Mwanga unagonga shuka na kurudi usoni. Makunyanzi yanaonekana kwa upole, macho yanapata nuru, na ukingo wa leso kichwani unang'aa kwa jua la nyuma. Baadhi ya wapiga picha hulipisha zaidi kwa kuleta vifaa vya kufanya kazi hiyohiyo. Shuka mnalo.

Nani apige? Simu nzuri inatosha kwa picha ya watu watano, wakati wa mwanga huo, mradi aliyeishika aguse uso kwenye kioo ili simu ipime nuru ya uso na si ya mbingu. Ikiachwa yenyewe, hupima mbingu angavu na nyuso zinakuwa nyeusi tititi. Kwa watu kumi na kuendelea, ningelipa. Kupanga vizazi vitatu, kuona nani amefumba macho, kuwaambia mashemeji wasogeleane, hiyo ni kazi ya mtu mwenye sauti ambaye si wa ukoo.

Mkimchagua, msiangalie picha zake za maharusi waliopakwa poda. Mwombeni picha ya kikundi, ya nje, yenye watu weusi sana na maji ya kunde pamoja. Tatizo hili lina historia: kwa miongo kadhaa filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yetu ikatoka kama kivuli chenye meno. Kamera za leo zina uwezo mkubwa zaidi, lakini bado zinamtegemea aliyezishika. Ikiwa kwenye picha zake wote wamesafishwa hadi wakawa rangi moja, endeleeni kutafuta.

Bei nazo hudanganya. Tuseme wa kwanza anataka 6,000 na atatoa picha 15 zilizohaririwa. Wa pili anataka 10,000 na atatoa 50. Kwa picha moja, wa kwanza ni 400 na wa pili 200, kwa hiyo wa pili anaonekana nafuu. Ila mtaosha ngapi? Familia nyingi huning'iniza mbili au tatu ukutani na kugawana nyingine chache. Ikiwa kumi zinawatosha, wa kwanza amewaokolea 4,000. Wa pili ana maana pale ambapo kila nyumba, kaka kwa dada, inataka picha yake na susu, kisha wajukuu peke yao, kisha wote. Andikeni orodha ya vikundi kabla ya kupiga simu. Bila orodha mtalipia wingi msiouhitaji. Akiwaongezea ndege ya kupiga picha kutoka juu, mwulizeni kibali chake: tangu kanuni za 2020, ndege hizo husajiliwa na kuendeshwa chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Nguo zisiwatoe jasho. Sare ya kushonesha kwa watu 12 inaweza kuzidi malipo ya mpiga picha. Chagueni rangi mbili au tatu ambazo kila mtu tayari anazo. Samawati na rangi ya haradali hukaa vizuri kwenye nyasi kavu na udongo mwekundu. Nyeupe hunywa vumbi kabla ya picha ya tatu, na sketi nyepesi hupeperushwa na upepo wa tambarare.

Jambo ambalo watu huliacha hadi ligeuke ugomvi ni hili: picha ni za nani? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoiagiza na kuilipia ni yako wewe uliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Someni basi mnachokubali. Na kama hamtaki watoto wenu wawe tangazo la studio mtandaoni, semeni mapema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wenu: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha kuweka mambo wazi: tarehe, saa, idadi ya picha, siku ya kuzipokea, marufuku ya kuchapisha. Lipeni nusu kwa M-Pesa, nusu baada ya kupokea.

Na msizipokee kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwa maana hubanwa. Picha yenye upana wa pikseli 1,600 ikioshwa kwa ubora mzuri, nukta 300 kwa inchi, inatosha inchi tano na kidogo, yaani saizi ya postikadi. Ukubwa wa A4 unahitaji karibu pikseli 2,480 kwa 3,508. Dai faili asilia kwenye flashi, au zitumwe kama hati. Kabla ya kutuma nusu iliyobaki, fungua moja kwenye kompyuta, ikuze hadi uone kope za susu. Zikiwa zimeyeyuka, mwambie hapo hapo.

Kisha osheni, hata kama bajeti imebana. Afadhali picha 15, tatu kati yake zikiwa zimeoshwa kwenye karatasi halisi ya picha, kuliko 50 zinazokaa ndani ya simu itakayoibwa stejini. Printa ya wino ya saiba ni rahisi, lakini wino wake wa bei ya chini hupauka upesi. Studio yenye mashine ya kuosha hutoza zaidi na picha hudumu. Fremu ya kawaida yenye kioo inatosha; itundikeni kwenye ukuta usiopigwa na jua la mlangoni, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine, kwa dada mkubwa au kwa mjomba.