Kiungo cha Alumini Kikikataliwa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wa ndege nao wana lao: ufa wa alumini hauzibwi, unachimbwa mpaka uishe.

Sisi wa Eastlands tumeona uchomeleaji tangu utotoni. Ukipita Kariobangi au Gikomba utakuta jamaa wamechuchumaa, miwani myeusi usoni, wakiunga mageti na mikokoteni. Hapo kiungo kikiwa kibaya dawa si ngumu: fundi anaongeza moto juu yake, anapitisha grainda, anapaka rangi, mteja analipa. Geti likiachia, mwenyewe atalirudisha. Je, ndege ikiachia juu ya Ngong itarudishwa na nani?

Alumini ni kaidi. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kwa hivyo fundi anajua kinakaribia kuyeyuka. Alumini haikuonyeshi lolote. Inakaa na rangi yake ile ile, halafu ghafla inadondoka kama uji. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi ya oksidi iliyoifunika hutaka zaidi ya nyuzi 2,000. Yaani ndani ni maji na juu bado ni ganda! Ndiyo maana hutumika umeme unaogeuza mwelekeo ili uipasue ngozi hiyo, pamoja na gesi ya agoni ya kufukuza hewa. Jasho kidogo tu, au mafuta, au unyevu, huleta hidrojeni. Hiyo huingia ndani ya alumini iliyoyeyuka, na ikiganda hidrojeni inakosa pa kutokea. Vinabaki vitundu kama vya mandazi, ila jicho halivioni.

Mkaguzi huvitafuta kwa eksirei. Nyufa za juu hutafutwa kwa rangi nyekundu: inapakwa, inaachwa ipenye, inapanguswa, kisha unapuliziwa unga mweupe. Penye ufa, wekundu hurudi juu wenyewe. Hapo kiungo kimekataliwa, na fundi hana ruhusa ya kukigusa mpaka kasoro iandikwe na njia ya kuirekebisha ikubaliwe.

Kisha kazi inaanza. Kasoro hukatwa kwa kikatio kigumu kinachozunguka, si kwa jiwe la kawaida la grainda, kwa kuwa alumini hulijaza na mchanga wake hubaki ndani. Shimo likishachimbwa hupimwa tena kwa rangi, maana ufa una tabia ya kwenda mbali kuliko ulivyoonekana. Rangi yenyewe lazima ioshwe kabisa, la sivyo italeta vitundu vipya. Hata brashi ya waya huwa ya chuma kisichoshika kutu, na haijapata kupigwa kwenye chuma kingine. Ndipo kiungo huchomelewa upya, na ukaguzi unarudiwa kana kwamba haujawahi kufanywa.

Mbona wakali hivyo? Safari ya kwanza duniani ya kulipisha abiria kwa ndege ya jeti, tarehe 2 Mei 1952, ilitoka London kwenda Johannesburg ikipitia Entebbe hapa jirani. Comet ile iliyoondoka London siku hiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, wakafa watu 35. Hakikuwa kiungo cha moto kilichoachia. Ulikuwa ufa mdogo katika bodi ya alumini, ulioendelea kukua kila safari. Hata leo sehemu kubwa ya bodi za alumini hushikwa kwa ribiti, kwani alumini zilizo ngumu zaidi hupasuka zikichomelewa. Moto huachiwa vitu kama matangi na mabomba.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: marekebisho hayarudiwi ovyo. Moto huilegeza alumini. Aina iitwayo 6061, ikiwa imekomazwa, yaweza kupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zake kando ya kiungo. Baadhi ya vipande huweza kukomazwa tena kwa tanuri la nyuzi kama 530, kisha maji, kisha joto dogo kwa saa nyingi. Vingine haviwezekani. Kiwango cha marudio kikipita, kipande hukatwakatwa kabla ya kutupwa, ili mjanja asije akakiokota, akakipaka rangi na kukiuza kama kizima.