Maneno ya muuguzi wakati wa kukabidhi dawa ya tumbo

Katika zahanati nyingi za kaunti ya Kakamega, anayempokea mgonjwa wa tumbo na kumkabidhi dawa ni muuguzi. Daktari yuko mbali. Kwa hiyo anachokijua muuguzi huyo, na anachomweleza mgonjwa kabla hajaondoka, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Tuanze na mtoto anayeharisha. Tangu mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamependekeza ORS, yaani unga wa sukari na chumvi unaokorogwa katika maji, pamoja na zinki. Wazazi wengi hutarajia ORS ifunge choo, nayo haifanyi hivyo. Kazi yake ni kurudisha maji mwilini. Utumbo, hata unapougua, huendelea kufyonza sukari, na sukari hupita pamoja na chumvi, kisha maji hufuata. Ndiyo maana vipimo havichezewi. Pakiti ya nusu lita ikikorogwa katika kikombe kimoja, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Muuguzi makini huonyesha chupa ya mililita 500, husisitiza maji safi ya kunywa, na huagiza kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto akitapika, mama angoje dakika 10, kisha aendelee kumnywesha polepole, kijiko kwa kijiko.

Zinki ndiyo husahaulika. Kuhara kukikoma siku ya tatu, vidonge huachwa, ilhali vinapaswa kutumiwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, na 10 kwa mdogo zaidi. Akimaliza, uwezekano wa kuhara tena hupungua kwa miezi 2 au 3. Kwa mtoto mchanga, kidonge huyeyushwa kijikoni kwa maziwa ya mama.

Kwa watu wazima, kosa la kawaida ni saa ya kumeza. Omeprazoli huzima vitengeneza asidi vya tumbo vinapokuwa kazini, na chakula ndicho huviamsha. Imezwe basi dakika 30 hivi kabla ya chai ya asubuhi. Anayeimeza usiku baada ya ugali, kisha akalalamika kuwa haimsaidii, anahitaji kurekebishiwa saa kwanza.

Vidonda vya tumbo navyo vina historia. Mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua bakteria wa Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Bakteria hao wakithibitishwa, mgonjwa hupewa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na dozi haikatizwi.

Swali moja lisikosekane: mgonjwa anatumia dawa gani za maumivu? Mkata miwa wa Mumias anayenunua diklofenaki au ibuprofeni kila wiki kwa ajili ya mgongo anaweza kuwa anajichimbia kidonda. Akisema choo chake kimekuwa cheusi kama lami, huenda anavuja damu tumboni, na apewe rufaa siku hiyo hiyo.